Nicolas Appert: Mpishi aliyeipa dunia mkebe wa samaki, akafa maskini

UKIINGIA katika duka lolote kubwa mjini Kitale au Bungoma, hutakosa kuona mikebe ya samaki imepangwa rafuni kando ya maharagwe na nyanya. Wengi huinunua bila kuwaza sana, huila nyumbani na wali au ugali, kisha hutupa mkebe.

Nje ya duka hilo, mchuuzi wa samaki wabichi yuko mbioni kushindana na saa. Ngege na mbuta waliosafirishwa usiku kutoka Ziwa Turkana kupitia Lodwar, au kutoka Ziwa Victoria kupitia Busia, wamelazwa juu ya barafu inayoendelea kuyeyuka. Barafu ikiisha kabla ya wateja kufika, hasara ni yake peke yake.

Samaki wa rafuni anaweza kukaa miaka, naye wa mezani hana uhakika wa kuiona kesho. Tofauti hiyo kubwa ilianza na kazi ya mtu mmoja, mpishi wa Kifaransa ambaye hakuwa mwanasayansi wala msomi wa chuo kikuu. Jina lake ni Nicolas Appert.

Appert alizaliwa Novemba 17, 1749, katika mji wa Châlons, mashariki mwa Ufaransa, eneo linalosifika kwa mvinyo wa shampeni. Wazazi wake walikuwa na nyumba ya wageni. Humo ndimo kijana huyo alimojifunza tangu utotoni kupika, kutengeneza bia, kutunza mvinyo na kuhifadhi vyakula kwa ajili ya wasafiri.

Vitabu vingi vya zamani vilimwita François, kosa lililonakiliwa na waandishi mmoja baada ya mwingine hadi watafiti wa kwao walipolisahihisha. Hata jina lake, basi, halikutunzwa vyema kama alivyotunza yeye vyakula vya wengine.

Alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, aliajiriwa kuwa mpishi katika kasri la mtawala wa Zweibrücken, katika nchi inayoitwa Ujerumani siku hizi. Mtawala huyo alipofariki mwaka wa 1775, Appert aliendelea kumtumikia mjane wake kwa miaka kadhaa.

Mnamo 1784 alihamia Paris na kufungua duka la vitamutamu katika barabara ya Lombards. Biashara ilinawiri. Hata hivyo, kila siku aliona jambo lililomkera: matunda, mboga na nyama zilioza haraka kuliko zilivyouzwa.

Njia za kuhifadhi chakula zilizojulikana wakati huo zilikuwa zile zile zilizotumiwa na mababu wa kila taifa. Samaki alianikwa juani, alitiwa chumvi au alikaushwa kwa moshi. Matunda yalizamishwa ndani ya sukari, nazo mboga ndani ya siki.

Njia hizo zilizuia uozo, lakini zilibadilisha ladha. Samaki wa chumvi si samaki mbichi, jambo ambalo mpishi yeyote analijua. Appert alitaka kitu kingine: chakula kikae miezi na miaka, na siku kitakapofunguliwa kiwe na ladha iliyokaribia ile ya siku kilipopikwa.

Gerezani, kisha jikoni

Kabla hajafika mbali, historia ilimkumba. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka wa 1789, na Appert akajitosa katika siasa za mtaa wake upande wa wanamapinduzi. Wakati wa utawala wa vitisho, wanamapinduzi wenyewe walianza kukamatana. Mwaka wa 1794 Appert alitiwa mbaroni na kukaa gerezani kwa miezi kadhaa, wakati ambapo watu wengi walikuwa wakipelekwa kukatwa vichwa.

Hata hivyo, alinusurika. Mwaka wa 1795 alihamia Ivry, nje kidogo ya Paris, akaanza majaribio yake kwa bidii. Miaka michache baadaye alifungua kiwanda mjini Massy, kusini mwa jiji hilo, akalima mbaazi na maharagwe shambani mwake na kuajiri vibarua, wengi wao wanawake.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza ila mgumu kutekeleza. Alichukua chupa nene za kioo, zinazofanana na zile za mvinyo wa kwao lakini zenye mdomo mpana. Alitia chakula ndani na kuacha nafasi ndogo juu. Kisha aliziba mdomo kwa kizibo kilichoundwa kwa tabaka kadhaa za gamba la mti, akakifunga kwa waya na kukipaka mchanganyiko wa chokaa na jibini ili hewa isipenye.

Chupa hiyo aliivisha mfuko wa nguo nene ili isipasuke, akaizamisha ndani ya sufuria kubwa ya maji na kuyachemsha kwa muda uliotegemea aina ya chakula. Mbaazi zilikuwa na muda wao, nyama ilikuwa na wake. Muda huo hakuusoma mahali popote. Aliupata kwa kujaribu, kupasua chupa, kutupa chakula kilichooza na kuanza upya, mwaka baada ya mwaka.

Hakujua ni kwa nini njia hiyo ilifaulu. Yeye na wasomi wa enzi yake waliamini kwamba hewa ndiyo iliyoozesha chakula. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba waharibifu ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho.

Jeshi la wanamaji la Ufaransa lilizijaribu chupa zake baharini mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa mabaharia hili lilikuwa suala la uhai na mauti. Waliishi miezi mingi kwa nyama ya chumvi na mikate mikavu, na wengi waliugua na kufa kwa kukosa chakula bora. Nyama, mboga na mchuzi wa Appert vilirudi kutoka safarini vikiwa vizuri.

Uamuzi wa 1810

Mwaka wa 1810 ndio ulioamua maisha yake yaliyosalia. Serikali ya Ufaransa ilimpa njia mbili. Angeweza kuomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake, kisha amtoze kila anayeutumia. Au angeweza kupokea zawadi ya faranga 12,000, kwa sharti kwamba aichapishe siri yake yote ili kila mtu aisome.

Simulizi nyingi husema Napoleon ndiye aliyeandaa shindano na kumkabidhi mshindi zawadi hiyo. Ukweli ni kwamba zawadi ilitolewa na wizara ya masuala ya ndani, baada ya kamati ya wataalamu kuzikagua chupa zake.

Appert alichagua kuchapisha. Mwaka huo huo alitoa kitabu kinachoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuhifadhi nyama, mboga, matunda na maziwa kwa miaka kadhaa. Alitakiwa pia kuikabidhi serikali nakala 200 zilizochapishwa kwa gharama yake mwenyewe.

Kitabu hicho hakikuwa kimemaliza mwaka kabla ya mfanyabiashara mmoja mjini London, Peter Durand, kupewa hataza na Mfalme wa Uingereza, Agosti 1810, kwa njia inayofanana na ile ya Appert. Hataza ya Durand ilitaja pia vyombo vya bati. Baadaye Waingereza Bryan Donkin na John Hall waliinunua haki hiyo, na kufikia mwaka wa 1813 kiwanda chao mjini London kilikuwa kikiliuzia jeshi nyama ya mikebe.

Hivyo, mtu aliyegundua alitoa bure, nao waliosoma wakauza. Appert alizuru London mwaka wa 1814 akaona mwenyewe jinsi bati lilivyoishinda chupa: halikupasuka na lilikuwa jepesi kubeba.

Aliporudi nyumbani, balaa lilikuwa likimsubiri. Majeshi ya kigeni yaliyoivamia Ufaransa katika vita vya mwisho vya Napoleon, mwaka wa 1814 na 1815, yaliharibu kiwanda chake cha Massy. Kazi ya miaka mingi ilipotea. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alianza tena mjini Paris, safari hii akitumia mikebe ya bati.

Samaki wa Nantes

Wakati Appert alipokuwa akihangaika kusimama tena, njia yake ilikuwa imefika pwani. Katika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, Joseph Colin aliitumia kuhifadhi sadini, samaki wadogo ambao huvuliwa kwa wingi kwa msimu kisha huoza upesi mno.

Kwa wavuvi, neema ya msimu ilikuwa pia msiba. Siku samaki walipojaa nyavuni, bei ilianguka, na waliobaki walitupwa au kutiwa chumvi. Mnamo miaka ya 1820 Colin alianza kuwauza sadini waliokaangwa na kutiwa mafuta ndani ya mikebe ya bati. Muda si muda viwanda vya aina hiyo vilienea katika pwani ya Brittany, kisha Ureno, Uhispania na Marekani.

Mkebe wa samaki unaouzwa Kitale na Bungoma ni mjukuu wa ile mikebe ya Nantes.

Mwaka wa 1822, chama cha kuendeleza viwanda nchini Ufaransa kilimpa Appert heshima ya kuitwa mfadhili wa binadamu. Heshima hiyo haikuja na mali ya kutosha. Mwaka wa 1827 alilazimika kuondoka katika jengo alilokuwa ametengewa na serikali bila kulipa kodi. Hata hivyo aliendelea kufanya kazi, kulipanua toleo la kitabu chake na kujaribu vyombo vipya, hadi nguvu zilipomwishia.

Alirudi Massy kumalizia siku zake. Alifariki Juni 1, 1841, akiwa na umri wa miaka 91, akazikwa katika kaburi la pamoja la maskini. Mtu aliyewawezesha mabaharia wa mataifa kula vizuri hakuacha hata fedha za kununulia jiwe la kaburi.

Wasomi wanaeleza sababu

Zaidi ya miaka 20 baada ya kifo hicho, katika miaka ya 1860, mwanasayansi Louis Pasteur alieleza kile ambacho Appert alikifanya bila kukijua. Chakula huozeshwa na vijidudu. Joto huviua, nao mfuniko uliokazwa huvizuia kuingia upya.

Lakini fumbo moja lilibaki, nalo linawahusu walaji wa samaki moja kwa moja. Mikebe mingine ya samaki na kome ilivimba na kuoza ingawa ilikuwa imechemshwa. Mwaka wa 1895 na 1896, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Samuel Prescott na William Underwood walichunguza mikebe iliyoharibika. Waligundua kwamba baadhi ya bakteria huweza kustahimili maji yanayochemka. Dawa yake ilikuwa mvuke wenye shinikizo, ambao huwa na joto zaidi ya nyuzi 100.

Bakteria hatari zaidi katika kundi hilo ni wale wanaotoa sumu ya botulinamu. Hupenda mahali pasipo na hewa wala asidi nyingi, na mkebe wa samaki ni mahali pa aina hiyo. Sumu yao hulegeza misuli hadi mgonjwa ashindwe kupumua. Ndiyo sababu viwanda hupika mikebe kwa joto la nyuzi 121 hivi, kwa muda uliopimwa.

Hapa ndipo mkazi wa Kitale anapopaswa kutega sikio. Katika mji ulio karibu na usawa wa bahari kama Massy, maji huchemka kwa nyuzi 100. Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huko huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Bungoma, ulio chini kidogo, ni nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva katika nyanda za juu.

Maana yake ni kwamba anayejaribu kuhifadhi samaki nyumbani kwa kuchemsha chupa kama Appert, akiwa Trans Nzoia, anatumia joto dogo hata kuliko lile la mzee huyo, na lile lenyewe halikutosha kuwaua bakteria wa botulinamu. Samaki wa kuhifadhiwa koponi ni kazi ya kiwanda chenye mitambo ya mvuke na vipimo, wala si ya sufuria ya jikoni.

Mkebe uliovimba, unaovuja, uliopata kutu ya kupenya au uliobonyea kwenye maungio yake usionjwe hata kidogo. Sumu hiyo haina lazima ya kutoa harufu. Utupe mahali ambapo watoto na wanyama hawatafika.

Mkebe haumfufui samaki

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Samaki kama jodari, sadini na makareli, wakiachwa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini. Mlaji huwashwa, huwa mwekundu usoni na kuumwa na kichwa. Kemikali hiyo haiharibiwi kwa kupika, wala kwa joto la kiwandani.

Kwa hivyo, ubora wa samaki wa mkebe huamuliwa na barafu ya mvuvi kabla ya mkebe kufungwa. Alichokitia Appert ndani ya chupa zake kilikuwa kimevunwa siku hiyo hiyo. Alijua kwamba moto huhifadhi uzuri uliopo, hauwezi kurudisha uliopotea.

Kanuni hiyo inamhusu pia mchuuzi asiyeuza mkebe hata mmoja. Ngege aliyezungushiwa barafu mara tu anapotolewa majini anaweza kukaa zaidi ya wiki mbili akiwa bado analika. Aliyeachwa juani ndani ya mashua anaweza kuharibika kabla ya siku kuisha. Katika nchi zenye joto, wataalamu hushauri kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, iliyopondwa vizuri na kupangwa chini, kati na juu.

Kenya imepata funzo lake. Kati ya 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya bakteria, kipindupindu na kemikali za sumu. Ajira na mapato vilipungua ziwani, na swali la usafi na barafu kwenye fuo za kupakulia samaki likawa la uchumi wa taifa.

Upande wa kaskazini, Kalokol kando ya Ziwa Turkana, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa kwa msaada wa Norway na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo ya baridi ilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Gharama ya kuiendesha katika eneo lenye joto kali ilizidi thamani ya samaki, maji ya ghuba jirani nayo yakakauka. Jengo likageuka ghala la samaki waliokaushwa, ambao husafirishwa kupitia barabara ya Kitale.

Ukiyaweka maisha ya Appert kando ya jengo hilo, unaona tofauti. Yeye alianza na chupa, kizibo na moto, vitu alivyoweza kuvimudu, akavirekebisha kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuitisha sifa. Kalokol mitambo ilitangulia, na hesabu ya kuilisha umeme ikafuata baadaye.

Tangu mwaka wa 2009, serikali ilipoanza kufadhili uchimbaji wa vidimbwi vya samaki sehemu nyingi za nchi zikiwemo zile za magharibi, mfugaji wa Bungoma anaweza kumfikisha ngege sokoni saa chache baada ya kumvua. Amepata kile ambacho wavuvi wa mbali hawana, yaani muda. Kasha lenye kuta nene na barafu safi linatosha kuulinda.

Ufaransa ilimkumbuka Appert kwa stempu mwaka wa 1955, na tangu 1942 wataalamu wa teknolojia ya chakula nchini Marekani hutoa tuzo yenye jina lake. Kaburi lake halina alama. Lakini siri aliyokataa kuificha mwaka wa 1810 bado inafanya kazi kila mara mtu anapofungua mkebe wa samaki, mbali na bahari, na kumkuta yu salama.